Betri ya Pili

Kwako Kaka,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana ni ndefu na nataka uimalize. Wifi na watoto nao natumaini hawajambo. Wao sina ugomvi nao. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Baba bado yuko wodini, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Anakula kidogo na juzi aliweza kukaa bila kushikwa. Umepiga simu mara sita ukitaka kuzungumza naye, na mara sita nimekujibu kwamba amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa ananisikiliza nikikujibu.

Nimesikia pia unavyonipaka matope kwa ndugu. Umemwambia Shangazi kwamba nilimpakia mgonjwa kwenye kopo la bati kama gunia la viazi, na kwamba dereva wa basi la shule kama mimi angebaki na watoto wake wa shule. Basi leo nakupa vidonge vyako, na uvimeze vyote.

Ile pikapu niliinunua kuukuu, na kile chumba cha kulala mgongoni mwake kilikuwa na kitanda, sinki, kabati lisilofunga na nyaya zilizokatwa zikining'inia tu. Sababu ya kuinunua unaijua. Baba alitaka kumwona dada yake kabla macho hayajamwishia kabisa. Safari ni siku nne kwa mwendo anaouweza yeye, kwenye basi hawezi kukaa, na insulini yake lazima ikae kwenye baridi. Kwa hiyo gari zima lilitegemea kitu kimoja tu, friji ndogo isizimike. Nilikueleza hivyo kwa mdomo wangu, nimesimama katikati ya gereji yako. Samahani, gereji ya Baba.

Nilikuletea paneli ya sola, nyaya, fyuzi na betri mbili mpya zikiwa bado kwenye maboksi. Ningefunga mwenyewe, na unajua ningeweza, maana sote wawili tulikulia chini ya magari ya watu tukimshikia Baba tochi. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema kazi ya umeme apewe mwenye gereji. Hilo nalo nilimeza, kama nilivyomeza siku alipokukabidhi funguo za gereji mbele yangu bila hata kunitazama.

Paneli uliifunga vizuri, siwezi kukunyima hilo. Nyaya za kutoka kwenye paneli na kwenye injini ulizipitisha chini ya kitanda, na fyuzi ukaiweka mahali mkono unafika. Halafu ukachukua betri moja mpya ukaifunga kwenye lori lako, na mahali pake ukaweka betri chakavu ya kuwashia injini, uliyoiosha, ukaipaka grisi vichwani na kuibandua karatasi yake. Ukaziunganisha pamoja, nzima na mbovu, ukijua kabisa kwamba mbovu huinyonya nzima mpaka zote zinakwisha. Ukazitoa kwenye chaja, ukaweka mita papo hapo, ukamsomea Baba kwa sauti: volti kumi na tatu. Naye akakupigapiga bega. Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi hudanganya. Hupumzishwa hadi kesho yake ndipo ipimwe. Ni sheria ya Baba mwenyewe, na siku hiyo hakuuliza, kwa sababu alitaka sana kusikia kwamba mwanawe ni fundi.

Siku ya kwanza njiani alikuwa na raha ambayo sijamwona nayo tangu Mama atutoke. Alikaa mbele akinitajia kila daraja alipowahi kulala chini ya lori bovu. Siku ya pili akawa na kiu isiyokatika na kila baada ya muda mfupi ananiambia nisimame akojoe. Nikadhani ni joto. Siku ya tatu, mchana, alitapika, pumzi zikawa za haraka, akaniita kwa jina la Mama. Nikakanyaga mafuta hadi hospitali ya kwanza niliyoiona.

Daktari aliniuliza insulini ilitunzwa wapi. Nikamjibu kwa kujidai kwamba tuna friji garini. Akanituma na muuguzi tukaitazame. Muuguzi akafungua mlango, akatia mkono, akashika chupa zote mbili, kisha akanipa nizishike. Zilikuwa na joto la mwili. Gari likitembea taa ya kijani ilikuwa inawaka, nami nikaridhika nayo. Tukisimama na injini ikizimwa, ile betri mbovu ilimeza hata umeme wa paneli, friji ikawa inakufa kimya kimya, na lile bati linapigwa jua. Baba alikuwa anajidunga dawa iliyoharibika, na mimi ndiye niliyekuwa nampa sindano mkononi.

Alipopata fahamu nilimweleza habari ya betri ya pili. Nilimweleza yote, sikupunguza, na pengine niliongeza chumvi. Alisema usikanyage wodini. Siku iliyofuata akasema gereji niichukue mimi, na akanituma nimtafutie karatasi aandikishe. Miaka yote hii nimeyangoja maneno hayo, Kaka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali, na sikuyafurahia hata kidogo.

Sasa sikiliza na langu. Asubuhi ile tuliyoondoka, Baba akiwa bado anaoga, nilifungua kile kisanduku cha betri chini ya kitanda. Nikatenganisha betri zako mbili, nikazipima moja moja. Ile mpya ilikuwa sawa. Ile nyingine ilisoma volti kumi na moja nukta nne. Mtoto aliyelelewa na Baba anajua maana yake: betri imekufa. Nikazifunga tena kama ulivyozifunga, nikafunika, nikaenda kumsaidia Baba kuvaa viatu. Sikusema kwa sababu nilitaka izimikie njiani. Nilijiambia zitaanza kuzimika taa, nami nitamfungulia kisanduku, apapase kwa mikono yake mwenyewe ajue funguo zake alimpa nani. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kumwambia. Friji niliisahau, Kaka. Chuki ilinijaa mpaka nikaisahau friji.

Jana nilimwambia. Aliniuliza mita ilisoma ngapi. Nikamtajia. Akauliza kama niliipumzisha kwanza. Nikasema ndiyo, ilikuwa imepumzika tangu jana yake. Akageuza uso ukutani.

Leo amesema neno moja tu kuhusu sisi. Anataka tuje wote wawili, tusimame upande mmoja wa kitanda ili asihangaike kugeuka. Gereji hajaitaja tena, na sitaitaja mimi. Njoo Alhamisi, saa ya kuwaona wagonjwa ni saa kumi jioni. Sijakusamehe na wala sikuombi unisamehe, ila ukifika nitakuwa mlangoni, na sitaingia bila wewe.

Msalimie sana wifi. Watoto waambie babu yao anawaulizia kila mmoja kwa jina lake. Hapa nimefika mwisho wa karatasi na mwisho wa nguvu.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.