Neno la Mwisho la Papa Nadine

Alhamisi, Julai 2018. Malvern.

Baridi ya leo ni ile kavu inayopasua midomo. Jua lipo, ila ni jua la kuangalia tu. Saluni nimeifunga tangu asubuhi, na wateja wawili wamenipigia kulalamika. Sikuwaambia nilikuwa wapi. Utaanzaje kumwambia mtu anayetaka kusukwa kwamba ulikuwa gerezani ukimtazama aliyekuulia mume?

Ndiyo, nimemwona.

Alipohukumiwa niliandikisha jina langu ili siku akiombewa parole niarifiwe, na kusema kweli nilishasahau. Mwezi jana afisa mmoja akanipigia. Akaniambia kijana ametumikia sehemu ya kifungo chake, sasa bodi itakaa kuamua kama atoke akamalizie nje chini ya uangalizi. Mimi nina haki ya kusikilizwa: naweza kuandika, kumtuma mtu anisemee, au kuja mwenyewe. Nikamjibu kabla hajamaliza kwamba nitakuja mwenyewe. Nikaomba na mkalimani wa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha kumuuliza mteja anataka nywele ndefu kiasi gani, si cha kumlilia mume.

Nilichotaka kusema nilikuwa nacho tayari, na kilikuwa kifupi: asitoke. Nadine alikuwa hajaanza shule baba yake alipouawa. Sasa amenipita kwa urefu, halafu huyo bwana anataka kurudi kwa mama yake? Eish, mwache akae.

Chumba chenyewe ni kidogo, meza ndefu, na hita moja inayonuka vumbi. Nilikwenda na Mama Chantal wa kanisani, kwa sababu wanaruhusu uje na mtu wa kukushika mkono. Mkalimani alikuwa baba mmoja Mkenya, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Kisha kijana akaletwa. Miaka yote nilikuwa na sura ya yule mwembamba wa mahakamani, kumbe sasa ni mwanaume mzima, ameanza na upara. Hilo lilinikasirisha kuliko nilivyotegemea. Yeye anapata nafasi ya kuzeeka.

Mwenyekiti wa bodi, mama wa makamo, akamwambia aeleze alichofanya bila kujitetea. Kwenye kesi alikiri tu na mambo yakaisha haraka, kwa hiyo hakuna aliyewahi kunisimulia. Leo akasimulia. Papa Nadine, mume wangu, alikuwa anatoka kwenye lindo lake kule mtaa wa Observatory, asubuhi, watu wanakwenda kazini. Kijana akamtolea kisu, akataka simu. Papa Nadine akainua mkono wenye simu, akapaza sauti: "Kamata! Kamata!" Kijana hakulijua neno hilo. Akadhani anaitiwa watu, akaogopa, akachoma. Baadaye humo gerezani akamuuliza Mtanzania mmoja, naye akamthibitishia: kamata ndilo neno la kumpigia mwizi kelele ashikwe.

Mkalimani alinitafsiria yote hayo vizuri. Alipofika kwenye kamata akapita tu, akiona neno hilo halihitaji kutafsiriwa.

Mimi nikamkatiza.

"Hapana, hapana," nikasema. "Kwetu Lubumbashi kamata haiko kushika mwizi. Ni vile unapatia muntu kitu: kamata, ni yako."

Mkalimani akanigeukia. "Mama, ati alikuwa anampea?"

"Alikuwa anamupatia simu."

Akaigeukia bodi, akalisema kwa Kiingereza. Nikaona linavyomwingia kijana. Aliuliza kitu kimoja tu: kwa hiyo hakuwa anaita watu? Nikatikisa kichwa. Akalaza paji la uso mezani, mabega yakawa yanaruka.

Nimeomba kwa miaka mingi nimwone analia. Nimemwona, na haikunisaidia kitu.

Kinachonimaliza ni kwamba ile sauti naisikia. Papa Nadine hakuwa mtu wa kugombania vitu, na simu yenyewe ilikuwa ya batani, kioo kimepasuka. Alimpa kwa neno letu la nyumbani, lile unalompa nalo mgeni kiti na mtoto mkate, kwa sababu alipoogopa Kiingereza kilimkimbia. Neno moja la Kiingereza, take, na angefika nyumbani. Alikuwa analijua. Kazini alilisema kila siku, akimpa mgeni kalamu asaini getini.

Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama bado nina la kusema. Nikasema asitoke. Nililisema, lakini si kwa nguvu niliyoingia nayo, na sijui kama nilimwonea huruma au nilikuwa nimechoka tu. Wataamua, watanijulisha. Njiani Mama Chantal akamshukuru Mungu kwamba angalau ukweli umejulikana. Nilitamani anyamaze.

Niliishi vizuri zaidi na yule mume niliyedhani alikufa akipigana.

Jioni nikapika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nadine akaja na vitabu vyake, akanyoosha mikono apokee sahani. Kiswahili changu anakielewa chote, ila hunijibu kwa Kiingereza. Nikafungua mdomo kumwambia kile ninachomwambia kila nikimpa chakula, tangu alipokuwa wa kulishwa kwa kijiko. Hakikutoka.

"Ma?" akaniita, mikono bado iko hewani.

Nikaiweka sahani mezani, nikaenda kuosha sufuria ambayo nilishaiosha.

Kesho atasikia njaa tena. Nitampa kwa neno gani?