Daftari la Kiitaliano la mama

Shoga, kaka amenipiga. Kaka yangu mwenyewe, na wiki haijaisha tangu tumzike mama!

Alinikuta jikoni na daftari la mama la kunifundishia Kiitaliano. Nilikuwa nasoma sentensi yake ya kwanza, "Mangio il pane". Chini ameandika: "Ninakula mkate. Hiyo 'o' ya mwisho wa 'mangio' ndiyo mimi, kama 'ni-' yetu ya mwanzoni."

Kaka akafoka, "Msibani unajifanya mwalimu?" Akalinyakua, akalichana. Nikamng'ata mkono. Akanibamiza kwenye kabati, mdomo ukapasuka. Kaka, shoga! Kwenye kabati!

Nikamwambia, "Mwandiko wa mama ndio huo uliouchana."

Akaanza kulia. "Wewe alikufundisha. Mimi je, mbona hakunifundisha?"

Nina damu mdomoni, naokota vipande vya daftari.