Bunduki Inayokwama

Katoro, 4 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa moyo. Miguu yako inaendeleaje? Habari za msiba wa baba zilinikuta duarani, chini kabisa ya shimo la dhahabu, nikapandishwa juu nikilia. Sikuja kuzika. Unajua alinikana mbele ya ukoo nilipouza ng'ombe wake nije kuchimba dhahabu, na aliyekanwa hakanyagi msibani kabla mbuzi wa suluhu hajachinjwa.

Nina ombi moja tu. Ile bunduki ya babu usimpe mtu, hata baba mdogo Eustace. Na atakayeigusa asiulazimishe ule mkono wa chini, siku hizi unakwama katikati. Ukoo ukiniruhusu nitakuja kwenye kuondoa matanga.

Mwanao,
Theonest

Maganzo, 18 Februari 2024

Ng'wanawane, mwanangu Theonest,

Marahaba. Miguu inavimba lakini natembea, na mvua si haba. Barua nampa kondakta wa basi, maana haya sitaki kuyasema kwenye simu ya kuazima.

Bunduki hiyo naijua kama sufuria yangu. Mzungu wa mgodi wa Mwadui alimwachia babu yako, kibali kikaandikwa upya, kwa kuwa babu ndiye aliyemwonyesha walipo wanyama kama pofu na swala. Babu alisimulia kwamba Wamarekani waliibuni enzi za kupanda farasi. Risasi unazisukuma kwa kidole kwenye kijilango cha ubavuni, zinalala foleni ndani ya bomba chini ya mtutu. Ukishusha mkono wa chuma, ganda linaruka juu. Ukiupandisha, risasi nyingine imeshaingia, na bunduki bado iko begani.

Ulipoondoka, miaka minne sasa, mkono huo uliteleza vizuri kabisa. Umeanza kukwama mavuno yaliyopita, baba yako alipoanguka nayo kwenye baiskeli. Wewe umejuaje? Desemba nilikuta sanduku la bunduki halijafungwa. Mwezi huohuo mnunuzi wa dhahabu akapigwa risasi njia ya Katoro, na watu wanasema ilikuwa bunduki ya kizamani. Mimi si mtoto, Theonest. Ulikuja hapa kwa siri? Nijibu.

Mama yako

Katoro, 3 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini uvimbe umepungua. Sijafika Maganzo tangu siku niliyofukuzwa. Aliyeniambia nimeapa kutomtaja mpaka mbuzi achinjwe. Najua jibu hili halishibishi. Lakini umenizaa wewe, mama. Wa kunishuku wawe wengine. Bunduki ikae palepale mpaka nije.

Mwanao,
Theonest

Maganzo, 12 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Nimesoma hilo neno "nimeapa" nikakosa usingizi. Mwizi naye huapa. Sheria inasema mwenye kibali akifa bunduki irudi polisi, basi nimeipeleka Shinyanga, na barua zako nimewaonyesha. Watakuja kukuuliza. Kama mikono yako ni safi, huna cha kuogopa. Naumia, lakini damu ya mtu siwezi kuilalia.

Mama yako

Katoro, 28 Aprili 2024

Mama,

Wameniachia. Walinikamata mbele ya wachimbaji wenzangu, na sasa hakuna anayetaka kunishikia kamba nikishuka duarani.

Aliyeniambia ni baba. Alinipigia kila Jumapili baada ya misa, kwa simu ya Hosiana muuza vocha. Alikuwa amenikana mbele ya watu, akaona aibu kula matapishi yake, ndiyo maana aliniapisha. Tulikuwa hatujui la kuzungumza, tukazungumza bunduki. Mwanzoni mwa Desemba aliifungua aone kinachokwama, akakuta pini ya kugonga risasi imevunjika ncha. Akanitumia pini hiyo kwa basi nitafute fundi wa kuchonga nyingine. Bila pini, bunduki ni fimbo tu. Ilikuwa kwangu kabla mnunuzi yule hajapigwa. Kondakta amethibitisha, na mtaalamu wa polisi ameifungua bunduki akakuta tundu la pini tupu.

Baba aliniagiza niirudishe kwa mkono wangu mwenyewe, siku ya mbuzi. Sasa pini wanayo polisi, na bunduki wanayo wao. Kwenye matanga sitakuja.

Theonest

Maganzo, 5 Mei 2024

Mwanangu Theonest,

Safari hii hukuniamkia, wala hukuandika "mwanao". Nimesoma mpaka chini nikitafuta.

Nimekwenda kwa Hosiana. Amenionyesha benchi alilokuwa akikaa baba yako, akicheka na simu peke yake. Nami nilidhani anachelewa kwenye pombe, nikamnunia Jumapili zote zile. Nimewakosea nyote wawili, na mmoja hawezi tena kunisamehe.

Eustace na wazee wamekubali suluhu. Mbuzi yuko uani, amefungwa, na hataguswa na mtu mpaka ufike. Kama huna moyo wa kuniamkia, njoo hivyohivyo. Mimi nimeshaitikia: marahaba, mwanangu, marahaba.

Mama yako