Mjomba Anangoja Kuwa Malaika

Februari 4

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao cherehani imeugeuza kuwa wa bibi kizee. Wewe hujambo? Tanuri halijakuunguza?

Mtoto ameanza kucheka, hasa baba yake akipiga chafya. Tumekubaliana wewe ndiwe utakuwa baba yake wa ubatizo, Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Hii ni barua ya pili nakuuliza. Ukikaa kimya tena nitajua umekufa, nije kukuzika na hasira zangu.

Dada yako

Februari 23

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia nyote ni wazima; pole na mgongo. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Siwezi, dada. Anayemsimamia mtoto mbele ya altare awe na moyo safi, na mimi unanijua, ulimi wangu wembe. Mwaka mpya nilimwahidi Mungu kwamba sitamfokea mtu tena hapa tunapooka mikate. Wiki haijaisha, mwenzangu wa zamu akatia chumvi mara mbili, nikamwita jina nisiloweza kuliandika. Nikatubu. Nikarudia. Najichosha, na nadhani Mungu naye nimemchosha.

Sasa nimeanza kuwaomba radhi wote niliowakosea, hata niliowakosea kimoyomoyo tu. Kwa hiyo mwambie shemeji anisamehe: tangu harusi yenu namwona mvivu, na kwenye mahubiri yake ya mezani huwa nasinzia kwa makusudi. Nikishakuwa safi, nitakuja.

Mdogo wako

Machi 10

Wewe,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila hatusemezani. Barua yako ilifika nikiwa nimeshikilia nguo ya mteja chini ya sindano, nikamwambia shemeji yako anisomee. Akasoma kwa sauti yake nzuri ya kanisani mpaka akajikuta humo. Akaikunja, akaiweka juu ya cherehani, akatoka. Tangu siku hiyo anaongea na mtoto tu. "Mwambie mama yako, baba yako mvivu anaomba chai."

Alikuwa hajui, mpumbavu wewe! Alikuwa anakupenda! Umetua mzigo wako ukaubwaga mlangoni kwangu, halafu unaita toba. Huko ni kujifuta uchafu kwa taulo la mwenzio.

Na nani kakwambia tunatafuta malaika? Nilikuchagua kwa sababu ukianguka unainuka. Unanung'unika, lakini unainuka. Mwanangu ana hasira zetu, nimeshaziona. Nani atamfundisha kuinuka, mtu asiyewahi kuanguka? Umenichosha. Naandika nalia, na sipendi kulia nikiwa na kazi.

Dada yako, kama bado unamtaka

Aprili 2

Dada,

Shikamoo. Hamjambo? Barua yako ilinikasirisha siku nyingi, ndiyo maana nilinyamaza.

Jana nilimwendea yule mwenzangu wa chumvi, nikamshika mkono nimwombe radhi rasmi, maneno nimeyapanga. Akasema, "Mimi nilishakusamehe siku ileile. Sogea, mikate inaungua." Nikamwambia ngoja nimalize. Ikaungua, tanuri zima. Basi nikamfokea! Nimemfokea mtu kwa kunisamehe, dada. Akacheka mpaka akaketi kwenye gunia la unga, nami nikaketi kando yake, hoi. Kumbe tangu Januari nilikuwa nimesamehewa, mimi nahangaika. Kama yeye ameweza, Mungu je?

Nakuja. Sijabadilika. Shemeji nitamwomba radhi uso kwa uso, kwa kifupi, na huenda nikaharibu tena, uwe karibu. Padri akiniuliza kama namkataa Shetani, nitajibu, "Namkataa." Na Jumatatu alfajiri, mtu akimwaga unga, nitamkataa tena, nikiwa nimekasirika hivyo hivyo.

Baba wa ubatizo