Kidole Gumba Kilifika Tano

Alhamisi, 4 Septemba

Ubao wa saa wa uwanjani bado mbovu. Mwezi wa tatu sasa! Kwa hiyo Jumamosi ni saa ya kubonyeza tena, na anayeiona ni mtunza muda peke yake. Sisi wengine tunauamini mkono wake.

Mtunza muda ni Mwalimu Shimba. Ndiye aliyenifundisha uamuzi wa mpira wa kikapu, miaka kumi na moja iliyopita. Leo nilipita kwake Mkolani nikiwa nimeazimia kumwambia apumzike kutunza muda. Alinimiminia chai, nusu ikaishia kwenye sahani. Tangu amzike mkewe Aprili, mkono unatetemeka, unazidi. Nikanywa, nikaaga. Sikusema. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefanya kosa. Niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Wasichana wa Igoma na wa Nyegezi, mshindi anakwenda mashindano ya kanda. Igoma wanaongoza kwa pointi moja. Mwalimu akatangaza zimebaki sekunde tatu, akanyoosha vidole vitatu. Nyegezi wakarusha mpira kutoka pembeni. Ulipoguswa tu nikaanza kuhesabu kwa kidole gumba, nikigonga pajani, alivyonifundisha mwenyewe – mwamuzi awe na saa yake mwilini. Moja. Mbili. Tatu. Nikasubiri filimbi ya meza. Kimya! Nne. Tano – ndipo msichana wa Nyegezi akarusha. Ukaingia. Kisha filimbi.

Nilikwenda mezani. Mwalimu alikuwa ameikumbatia saa kwa mikono miwili. Nikamwuliza kama ilikwenda sawa. Akasema ilikwenda. Hakunitazama.

Sheria naijua kama sala. Kosa la saa linasahihishwa mwamuzi akiwa na uhakika, kabla mwamuzi mkuu hajasaini karatasi ya matokeo. Mwamuzi mkuu ni mimi. Uhakika ninao. Lakini kukifuta kikapu kile ni kumwambia yule mzee, mbele ya uwanja mzima, kwamba mkono wake umekwisha. Na nusu ya uwanja aliwafundisha yeye.

Queen, nahodha wa Igoma, alikuwa na haki ya kusaini malalamiko. Nikamwonyesha mahali. Akaniuliza taratibu, "Dada, wewe umeonaje?"

Nikasema kikapu ni halali.

"Basi. Kama umeona hivyo, sisi hatuna neno."

Nikasaini.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikusikia kitu. Kidole kinahesabu chenyewe. Kila mara tano.

Jumatatu, 8 Septemba

Karatasi ikishasainiwa haisahihishwi tena. Kilichobaki ni ripoti kwa kamati. Wao wanaweza kuamua mechi irudiwe, lakini Nyegezi wanasafiri Ijumaa. Nimeandika mistari miwili, nikachana. Nikaandika tena. Kila nikifika kwenye jina la mtunza muda, kalamu inagoma.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni – maneno haya nimewahubiria waamuzi wachanga mara ngapi? Mnafiki mimi. Na mnyonge ni yupi hapa, Queen au Mwalimu? Nimelia, nikaosha uso, nikalia tena.

Jumatano, 10 Septemba

Mwalimu Shimba amekuja mwenyewe, mchana huu, shati limepigwa pasi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaketi, akaiweka ile saa mezani kwangu. Nilidhani amekuja kuulizia mechi ijayo.

Akasema kidole kiliteleza. Alibonyeza mara mbili, saa ikaanza, ikasimama, na alipogundua akabonyeza tena. Akasema aliogopa. Nyumbani kimya kimezidi, na meza ile ndiyo inayomtoa nje.

Kisha akanitazama – mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Nilikiona kidole chako pajani. Ulifika ngapi, mwanangu?"

Nikisema tatu, nimemdanganya mtu aliyenifundisha kuhesabu. Nikisema tano, atajua kwamba nilijua palepale, nikawanyang'anya wale wasichana wa Igoma safari yao kwa kumwonea yeye huruma. Hajaniomba huruma, hata siku moja.

Nikasema naleta chai. Niko jikoni, naandika nimesimama. Maji yamechemka zamani. Namsikia anakohoa sebuleni, anasubiri, hana haraka. Ripoti iko kwenye droo, jina bado halijaandikwa.

Nimemimina. Kikombe changu nimekijaza. Chake nimeweka nusu, kisije kikamwagika – mkono umefanya wenyewe, sikuuambia. Ataona. Ananiita sasa, "Kashindye!" na mimi nimesimama tu na birika, sijui nikijaze na chake, nimwambie tano, au nikiache nusu.