Saumu Alinitaja Mimi

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na mvua huko Kwamndolwa imeshuka, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili mzima, ila kichwani mambo hayajakaa sawa. Nimeona niandike, maana kwenye simu ulikuwa unalia nikashindwa kueleza.

Mama, wanaokwambia nimefukuzwa kwa aibu hawajui. Yale mashindano ya televisheni yako hivi: washiriki tulifungiwa nyumba moja hapa Dar, kamera kila pembe. Kila wiki unaitwa chumbani peke yako, unataja unayetaka atoke. Anayetajwa na wengi anaondoka. Kanuni hizo mimi na Saumu tulizisaini tukicheka.

Saumu unamjua, yule wa Handeni niliyesoma naye, aliyekuja kutupukuchulia mahindi mwaka ule baba alipofariki. Mle ndani tulilala kitanda kimoja, tukiwasengenya wenzetu kwa Kizigua. Zamu yangu ilipofika nilimtaja kijana mmoja wa Moshi, mpole, ambaye hajawahi kunikosea. Nikalala vizuri tu.

Jumapili wakatuonyesha kwenye skrini nani kamtaja nani. Nikamwona Saumu ameketi, anatamka jina langu na la baba. Kura yake ndiyo iliyozidi, ikanitoa. Nilidhani nimesikia vibaya.

Nikamfuata jikoni, nikamwuliza nimemfanya nini. Aliendelea kumenya viazi.

"Hujanifanya kitu," akasema. "Wengine nikiwataja watanichukia. Wewe najua utanisamehe."

Maneno hayo nimeyageuza kila upande, Mama. Ni sifa au ni tusi? Mara naona amenidhulumu, mara naona ni yeye pekee mle ndani aliyeniamini. Na mimi yule kijana wa Moshi nilimtaja kwa kuwa sikumjali. Sijui kati yetu nani ana roho mbaya zaidi.

Nasikia mama yake Saumu alipokuja soko la Manundu ulimgeuzia kisogo. Sikwambii umsalimie, wala sikwambii uendelee kununa. Sijui nikwambie nini.

Leo mchana Saumu naye katolewa. Wote waliobaki walimtaja yeye. Amekuja hapa kwa shangazi na begi lake, hata hodi hakupiga, akasimama tu uani. Nilikusudia kumwambia aende zake. Mdomo ukasema, "Karibu. Umekula?"

Sasa anakula, mimi naandika, hatutazamani. Hajaomba radhi, nami sijasema nimemsamehe. Shangazi ametandika kitanda kimoja, hakutuuliza.

Nisalimie kaka Hamisi na mkewe, na bibi kule Kerenge mwambie kanga yake nimeshaipata. Mwalimu wangu wa darasa la saba akiuliza, mwambie nitakuja mwenyewe kumweleza.

Saumu ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Akasema nikuandikie shikamoo yake. Nimeiandika. Kuitikia au kutoitikia, hilo nakuachia.

Mwanao,
Mwanaidi