Omena juu ya ukuta wangu

Jumanne, Port Victoria

Na mgongo bado unauma. Wiki tatu nimechora mawimbi ya samawati kwenye ukuta mpya wa ufuoni ninaoujenga mwenyewe, ndio watu wapende kutembea hapa. Leo akina mama wameanika omena, dagaa wa ziwani, juu yake, maji yakachuruzika kwa rangi yangu.

“Mama, mnaharibu kazi,” nikamwambia mmoja wao, Mama Akinyi.

“Fundi, ukuta unashika joto. Chini ni mchanga tu.”

Halafu wageni kutoka Busia wakasimama kupiga picha. Nikajipanguza mikono. Kumbe ni omena walitaka, zikimetameta juani. Mawimbi hawakuyaangalia hata.

Jioni Mama Akinyi akauliza kama kipande kilichobaki nitakijenga kipana hivi ama zaidi.

Nimechoka kubishana. Zaidi, nimemwambia.